Fundi wa Kwale na Ramani ya Tarakilishi: Achague Nini, Ajifunze Vipi?

Wahenga walinena kuwa mchagua jembe si mkulima. Walimlenga mvivu asimamaye ukingoni mwa shamba akilaumu mpini ilhali wenzake wamekwisha kupiga matuta. Hata hivyo, kila methali ina mahali pake pa kutumika na mahali inapokoma. Seremala hana budi kuchagua. Aliyetakiwa kulainisha ubao akashika tezo, au aliyetakiwa kuchimba kijishimo cha bawaba akashika msumeno, hawezi kusifiwa kwa kuwa hakuchagua chombo. Na siku hizi, kando ya randa, patasi, msumeno na timazi, kimeongezeka chombo kisichoshikika kwa kiganja, nacho ni programu ya tarakilishi ya kuchorea nyumba na makabati yanayotengenezwa kwa vipimo vya mteja.

Swali linaloulizwa na vijana wengi wa vyuo vya ufundi ni hili: nijifunze programu ipi? Ni swali zuri, ila limeanzia mwisho. Katika makala haya nitajaribu kuonyesha kwamba chombo hiki, kama lugha yoyote, huchaguliwa kwa kuangalia ujumbe unaotaka kuupeleka na mtu utakayempelekea. Na kwamba hujifunzwa vyema zaidi na yule anayeweza kuieleza kazi yake kwa maneno anayoyafahamu barabara. Mimi ni mwalimu wa isimu, si seremala. Lakini kadiri nilivyoichunguza elimu hii ndivyo nilivyozidi kuona kuwa kikwazo chake kikubwa kimo katika uwanja wa lugha.

Kwa nini tuanzie Kwale? Kwa sababu Kwale imekwisha kuonja mara kadhaa uchungu wa kutegemea mwajiri mmoja mkubwa. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilisambaratika mwishoni mwa miaka ya 1980, na familia nyingi zilizokuwa zikiishi kwa miwa zikaachwa mikono mitupu. Miaka mingi baadaye ukaja mgodi wa titani wa Base Titanium, ambao ulianza kusafirisha madini mwaka 2014 na kukomesha uchimbaji Desemba 2024. Madini yakiisha ardhini hayaoti tena. Utalii nao huja na kuondoka kama maji ya pwani: ukitokea uvumi wa vita au maradhi, vyumba vya hoteli hubaki vitupu.

Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo halikukoma. Kutoka Tiwi hadi Diani, Ukunda, Galu na kuteremka Msambweni, nyumba zinajengwa. Baadhi ni za wenyeji, baadhi ni za kukodishwa kwa wageni, na nyingine ni za watu wanaoishi Nairobi, Ujerumani, Uingereza au Uswisi ambao huja kuziona mara moja au mbili kwa mwaka. Kila nyumba inahitaji milango, vitanda, makabati ya nguo na makabati ya jikoni. Mwenye nyumba aliye mbali hawezi kuja kusimama karakanani ili aonyeshwe kwa mikono kabati litakuwa pana kiasi gani. Anataka kuona mchoro kabla ya mbao kukatwa, na anataka kujua gharama kabla ya kutuma fedha.

Hapo ndipo penye mgogoro. Anayeweza kuutoa mchoro huo ndiye anayepewa kazi. Asiyeweza, ijapokuwa mikono yake ni ya dhahabu, huajiriwa na yule mwenye mchoro na kulipwa ujira wa siku. Fundi aliyejifunza kwa baba yake jinsi ya kuunga mbao zisiachane kwa miaka arobaini anageuka kibarua wa mwenye karatasi. Ikiwa hali itaendelea hivi, makabati ya Diani yatachorwa Nairobi au ng'ambo, yatakatwa kwa mashine huko huko, na kijana wa Ukunda ataachiwa kazi ya kukaza parafujo tu.

Pasiwe na mtu wa kudai kwamba usanifu ni jambo geni kwetu. Neno lenyewe ramani, ambalo Waswahili hulitumia kwa mchoro wa nchi na kwa mchoro wa nyumba vilevile, limo katika lugha yetu tangu zama za mabaharia. Mafundi waliojenga nyumba za mawe katika miji ya mwambao walikuwa na kanuni zao thabiti. Upana wa chumba ulitokana na urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari, yaani takriban mita mbili na nusu hadi tatu. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za kale ni virefu na vyembamba. Mwenye nyumba angeweza kutaka ukumbi mpana, lakini boriti ilikuwa na kauli ya mwisho. Wajenzi hao walipima kwa shibiri, kwa dhiraa, kwa wari na kwa pima. Shubaka la ukutani, mwimo wa mlango na kizingiti vilikuwa na uwiano uliojulikana bila ya kuandikwa.

Mapokeo hayo yana funzo kwetu. Usanifu wa kweli huanza na malighafi iliyopo, kisha huja umbo. Programu yoyote itakayotufaa ni ile inayoheshimu utaratibu huo: inayojua kuwa ubao una urefu wake, una unene wake na una mwisho wake.

Tuzitazame sasa programu zenyewe. Mwaka 1963, katika chuo cha MIT nchini Marekani, Ivan Sutherland alionyesha programu yake iitwayo Sketchpad, iliyomwezesha mtu kuchora kwenye kioo cha tarakilishi kwa kalamu ya mwanga. Tarakilishi za wakati huo zilikuwa mali ya taasisi kubwa. Mwaka 1982 kampuni ya Autodesk ilitoa AutoCAD, iliyoweza kutumika katika tarakilishi ndogo za mezani, na kwa miongo kadhaa jina hilo likawa sawa na uchoraji wa majengo. Mwaka 2000 ikaja SketchUp, iliyomruhusu mtu kuchora umbo la bapa na kulivuta likawa kitu chenye kimo na kina. Google iliinunua mwaka 2006 na kuiuza kwa kampuni ya Trimble mwaka 2012. Sambamba na hizo pakawa na programu huria, ambazo mtu yeyote anaweza kuzitumia na hata kuzirekebisha bila ya kulipa: LibreCAD kwa michoro ya bapa, Sweet Home 3D kwa kupanga vyumba na samani, na FreeCAD, ambayo ilianza mwaka 2002 na kufikia toleo lake la 1.0 Novemba 2024.

Majina ni mengi, lakini aina ni chache. Ya kwanza ni programu ya mistari, ambayo ni kalamu na rula iliyoingizwa katika tarakilishi. Ya pili ni programu ya maumbo, ambamo kabati huonekana kama kabati na unaweza kulizunguka na kulichungulia ndani. Ya tatu ni programu ya kanuni, ambamo vipimo vimefungamanishwa: ukibadilisha kimoja, vingine vinafuata.

Aina hiyo ya tatu ndiyo inayowatatiza wanafunzi wengi, ilhali mzungumzaji wa Kiswahili ndiye aliyepaswa kuielewa mapema kuliko wote. Tutazame sentensi hii: kabati kubwa jipya limeletwa. Ukiitia katika wingi, hubadilishi neno moja ukaacha mengine. Utasema: makabati makubwa mapya yameletwa. Nomino imebadilika, na kivumishi na kitenzi vikaitika. Huo ndio upatanisho wa kisarufi, na mtoto wa Msambweni huumudu kabla ya kujua kusoma. Programu ya kanuni hufanya vivyo hivyo kwa mbao. Upana wa kabati ndio nomino. Rafu, mgongo, uso wa mtoto wa meza na mlango ni maneno yanayopaswa kupatana nao. Katika programu ya mistari hakuna upatanisho. Ukibadilisha upana, ni juu yako kukumbuka kila kipande kilichohusika, na usipokumbuka, kosa litaonekana mbao zimekwisha kukatwa.

Nitoe mfano wa hesabu, kwani maneno matupu hayavunji mfupa. Tuchukue kabati moja la jikoni lenye upana wa milimita 600, lililotengenezwa kwa ubao wa milimita 18, na lenye watoto watatu wa kuvuta. Mbavu mbili zinakula milimita 36, kwa hiyo nafasi ya ndani ni 564. Reli za chuma za pembeni zinahitaji takriban milimita 13 kila upande, basi kisanduku cha mtoto kitakuwa na upana wa 538. Kabati lenyewe lina mbavu mbili, sakafu, mgongo na fito mbili za juu, jumla vipande sita. Kila mtoto ana mbavu mbili, ubao wa mbele, wa nyuma, sakafu na uso wa nje, jumla vipande sita. Kwa watoto watatu ni kumi na vinane. Kabati zima lina vipande 24. Mteja akipiga simu jioni na kusema anataka lipunguzwe liwe la milimita 550 ili friji lipate nafasi, ni vipande vingapi vitakavyobadilika? Ni 16: vinne vya kabati, na vinne vya kila mtoto. Vinane tu ndivyo vitakavyosalia kama vilivyokuwa. Hilo ni kabati moja. Jiko lenye makabati kumi, fundi asiye na upatanisho katika mchoro wake atakesha akifanya hesabu za kutoa, na usingizi ni adui wa hesabu.

Kuna mtego mwingine, nao ni wa vipimo viwili kukaa nyumba moja. Fundi wetu huzungumza kwa futi na inchi anaponunua mbao. Mchoro huandikwa kwa milimita. Mteja akisema kabati la futi 2, mmoja ataandika 600 na mwingine 610, kwa sababu futi 2 ni milimita 609.6. Tofauti ya milimita 9.6 yaonekana ndogo. Yapange makabati matano ukutani na itakuwa milimita 48, karibu sentimita 5. La mwisho halitaingia. Hapo si fundi aliyekosa ustadi wala si programu iliyoharibika, bali ni lugha mbili zilizotumiwa bila ya mkalimani.

Msumeno nao unakula. Ubao wa kawaida wa plaiwudi au MDF una milimita 2440 kwa 1220. Mwanafunzi atagawa 1220 kwa nne na kupata vipande vya 305. Lakini kila njia ya msumeno humeza takriban milimita 3, na ili kupata vipande vinne unakata mara tatu. Milimita 9 zimekuwa unga sakafuni, na kipande cha nne kitakuwa na 296. Programu bora kwa seremala ni ile inayotoa orodha ya vipande na kuvipanga juu ya ubao huku ikihesabu unga huo. Kwa SketchUp, kazi hiyo hufanywa na kiongezi kiitwacho OpenCutList, kilichobuniwa na wapenda useremala wa Ufaransa na kutolewa bure. Kwa FreeCAD kuna kiongezi cha useremala chenye kazi kama hiyo.

Basi anayechagua na ajiulize maswali manne. La kwanza: ni nini kitakachotoka mwishoni? Ikiwa ni picha ya kumwonyesha mteja jinsi sebule itakavyopangwa, Sweet Home 3D yatosha. Ikiwa ni ramani ya jengo itakayopitishwa na ofisi za kaunti, jengo hilo lina mtaalamu wake, na fundi atahitaji tu kuusoma mchoro huo. Ikiwa ni kabati, anachohitaji hasa ni orodha ya vipande. Picha ni pambo. Siku hizi akili unde huweza kutunga picha ya jiko la kupendeza kwa sekunde chache, lakini picha hiyo haina mbavu, haina reli wala unene wa ubao. Fundi akiichukulia kama mchoro atajenga ndoto.

Swali la pili ni la uhalali na gharama. AutoCAD na SketchUp ya kazi hulipiwa ada kila mwaka; Autodesk iliacha mwaka 2016 kuuza programu hiyo kwa malipo ya mara moja. Wanafunzi na walimu hupewa AutoCAD bila malipo, ila kwa masomo peke yake. Toleo la bure la SketchUp linalotumika kupitia intaneti nalo ni la matumizi binafsi: haliruhusiwi kwa kazi ya kulipwa, na halipokei viongezi kama kile nilichokitaja. Kijana anaposoma miaka miwili kwa programu ambayo siku ya kuhitimu inakuwa haramu kwake mpaka alipe ada ya dola, amefundishwa kupanda gari asilokuwa na ufunguo wake. Wapo wanaotumia nakala za wizi. Mbali na kuwa ni kosa, nakala hizo mara nyingi huja na virusi vinavyokula kazi ya mwezi mzima. FreeCAD, LibreCAD na Sweet Home 3D ni halali shuleni na karakanani vilevile, na hiyo ni hoja nzito kwa chuo chenye bajeti finyu.

Swali la tatu: itafanya kazi mahali ulipo? Programu inayotegemea intaneti wakati wote haimfai aliye Kinango au Lunga Lunga siku mtandao unapokatika. La nne: kuna mtu karibu nawe anayeijua? Programu nzuri isiyo na wa kuulizwa hushindwa na programu ya wastani yenye jirani anayeifahamu. Lugha haikui kwa mtu mmoja.

Pamoja na hayo yote, pana mambo ambayo hakuna programu inayoyajua. Kuta za mawe ya matumbawe hazinyooki kama zilivyo kwenye kioo. Anayepima upana wa pengo mara moja, kwa chini, atashangaa juu limepungua sentimita mbili. Ni lazima apime chini, katikati na juu, na aikague pembe kwa kanuni ya tatu, nne na tano ambayo mafundi wetu wanaijua. Unyevu wa pwani huvimbisha mbao za unga uliogandishwa kwa gundi, na hewa ya chumvi hula bawaba za chuma cha kawaida. Fundi wa Diani anayefuata mchoro uliotengenezwa kwa nyumba ya Ulaya bila ya kuongeza nafasi ya mbao kutanuka atapata milango isiyofungika msimu wa masika. Wala maktaba za programu hizo hazikuandikwa na mtu aliyewahi kulala chini ya paa la makuti. Elimu hiyo imo vichwani mwa mafundi wazee, na inapaswa kuingia katika mchoro kupitia kwa vijana wao.

Nifikie sasa suala la kujifunza. Mwanafunzi wa Kwale huzungumza Kidigo au Kiduruma nyumbani, Kiswahili sokoni, na hutakiwa kujifunza programu kwa Kiingereza. Anachofanya ni kukariri mahali vitufe vilipo. Anajua kuwa cha tatu kutoka kushoto hufanya hivi, na kile chenye mshale hufanya vile. Toleo jipya likija na vitufe vikahamishwa, elimu yake yote inahama navyo. Huyu hakujifunza kuchora. Alijifunza ramani ya kioo. Ni sawa na mtu aliyekariri maamkizi ya lugha ngeni: akijibiwa kwa namna asiyoitarajia, anabaki kimya.

Watasema baadhi ya wasomi kwamba Kiingereza ndiyo lugha ya programu, na kumfunza kijana kwa Kiswahili ni kumfungia milango ya dunia. Hoja hiyo ina uzito na sitaipuuza. Jina la amri na libaki kama lilivyo kwenye kioo, kwani mwanafunzi atalikuta hivyo popote aendako. Lakini maana ya amri, sababu ya kuitumia na kosa linaloweza kutokea vielezwe kwa lugha anayoiwazia. Kumweleza kwamba amri fulani hunakili mstari kwa umbali uleule, kama fundi anavyochora alama ya pili kwa kutelezesha penseli ukingoni mwa ubao, hakumzuii kukumbuka jina lake la Kiingereza. Kunampa kitu cha kulitundikia jina hilo.

Wengine watasema kuwa Kiswahili hakina istilahi. Dai hili limezeeka, na majibu yake yapo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa programu ya ofisi ya OpenOffice kwa Kiswahili, ikaitwa Jambo OpenOffice. Baadaye hata kampuni ya Microsoft ikatoa sura ya Kiswahili kwa programu zake. Jambo la kwanza liliwezekana kwa sababu programu ilikuwa huria: wasomi hawakuhitaji kumwomba mtu ruhusa. Katika useremala kazi ni nyepesi zaidi, kwani istilahi hazihitaji kubuniwa ofisini. Bawaba, kitasa, komeo, mwimo, kizingiti, rafu, ubavu, mgongo, mtoto wa meza: maneno haya yamo midomoni mwa mafundi. Kazi ya wanaisimu ni kwenda karakanani na daftari, wayakusanye, wayapatanishe pale fundi wa Msambweni na wa Mombasa wanapotofautiana, kisha wayarudishe darasani. Tulipoziacha ofisi mbalimbali zibuni kila moja peke yake, chombo kimoja kikapata majina matatu, kompyuta, tarakilishi na ngamizi, na mwanafunzi akabaki njia panda.

Kwa walimu wenzangu, hasa wa vyuo vya ufundi na wa masomo ya awali ya kiufundi katika sekondari msingi, ningependa kutoa mapendekezo yasiyohitaji fedha nyingi. Somo la kwanza lisifanyike kwenye tarakilishi. Wanafunzi wapime dawati la mwalimu, wataje kila sehemu kwa jina lake, na walichore kwa penseli kutoka mbele, ubavuni na juu. Asiyeweza kulichora kwa mkono hataweza kulichora kwa kipanya. Baada ya hapo walijenge dawati lile lile katika programu, watoe orodha ya vipande, na wavikate vipande hivyo kwa karatasi ngumu za maboksi, kwa kipimo cha moja kwa kumi. Vikiungana, mchoro ni sahihi. Visipoungana, karatasi ya boksi imewafunza bila ya kuharibu ubao wa maelfu ya shilingi.

Pengine chuo kina tarakilishi tano na wanafunzi hamsini. Upungufu huo unaweza kugeuzwa mbinu. Mmoja ashike kipanya na asifanye lolote ila aliloambiwa. Mwenzake asimame nyuma yake akimpa maagizo kwa Kiswahili sanifu: chora mstatili wa 600 kwa 720, uvute kwa kina cha 560, nakili ubavu huu upande wa pili. Anayeweza kuagiza bila kugusa kitufe ameielewa kazi. Anayenyoosha kidole na kusema bonyeza hapo, bado. Na siku ya mtihani aalikwe fundi wa mtaa, aipokee orodha ya vipande na kuamua kama angethubutu kuikatia ubao. Mtahini bora kuliko huyo sijui tutampata wapi.

Tukumbuke pia yaliyotokea huko nyuma. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka 1985, ulikuja na masomo ya mikono, na wazazi wakachanga fedha kujenga karakana za shule. Baadaye masomo mengi kati ya hayo yalipunguzwa. Karakana bila ya zana wala mwalimu aliyejiandaa ni banda tu. Mtaala wa umilisi nao umerudisha stadi za kiufundi mbele ya wanafunzi wetu. Tukiwapa tarakilishi pasipo lugha ya kuzifikiria, tutakuwa tumejenga mabanda kwa mara ya pili, safari hii ya kioo.

Alhasili, kijana wa Kwale asikimbilie jina la programu linalosifiwa zaidi. Aanze na kabati: alijue kwa vipande vyake, avitaje kwa majina, avihesabu pamoja na unga wa msumeno. Kisha achague chombo halali anachoweza kukimiliki, ambacho kitamtolea orodha anayoihitaji. Aketi na fundi mzee aliye na elimu ya mbao na chumvi, naye amwonyeshe mzee huyo jinsi upana unavyobadilika na rafu zikaitika. Mmoja ana msamiati, mwingine ana sarufi mpya. Wakikaa benchi moja, mwenye nyumba aliye Ujerumani atapokea mchoro uliochorwa Ukunda, na ujira wa mchoro huo utabaki Ukunda. Wakitengana, mchoro utatoka kwingine, na mzee na kijana watakutana getini, kila mmoja akisubiri kuitwa kibarua.